Besi iliyokataa kukaa nyuma: singo za mwanzo za The Who

Kijana akija kwangu kujifunza gita la besi, nikishamwonyesha namna ya kushika nyuzi na namna ya kumsikiliza mpiga drams, humpa kazi ya kwenda nayo nyumbani: akasikilize Meaty Beaty Big and Bouncy ya The Who. Wengi hunitazama wakidhani sikuwaelewa. Wamekuja kutafuta besi ya rumba na sebene, wapate namba kwenye bendi, na mimi nawapeleka kwa Waingereza wanne wa magharibi mwa London waliosifika kwa kuvunja vyombo jukwaani. Sababu ninazo, na nimeamua kuziandika hapa kwa kirefu, maana muda wa mapumziko mazoezini hautoshi kuzieleza.

Santuri hii ilitoka 1971. Ina nyimbo 14, saba kila upande, na karibu zote zilikuwa zimeshatoka kama singo, yaani sahani ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, kati ya 1965 na 1970. Wakati huo The Who walikuwa bendi kubwa tayari. Tommy, ile hadithi ndefu ya kuimbwa kuhusu kijana asiyeona, asiyesikia na asiyesema, ilikuwa imewafikisha hadi jukwaa la Metropolitan Opera House la New York mwaka 1970, na Who's Next ilikuwa na miezi michache tu sokoni. Marekani waliwajua kwa kazi hizo kubwa. Singo za mwanzo zilikuwa zimepita huko kimyakimya. I Can't Explain ilifika nafasi ya 8 kwenye chati za Uingereza, lakini Marekani iliishia ya 93. My Generation ilikuwa ya 2 kwao, kule ikaishia ya 74. Kwa hiyo kwa wasikilizaji wengi wa ng'ambo ya Atlantiki, mkusanyiko huu wa nyimbo za zamani ulikuwa muziki mpya kabisa.

Jina la santuri ni sifa nne, kila mwanabendi na yake. Mwenye minofu ni Roger Daltrey, mwimbaji. Mwenye mdundo ni Keith Moon, mpiga drams. Mkubwa wa umbo ni John Entwistle, mpiga besi, na anayerukaruka ni Pete Townshend wa gita, ambaye kweli hakujua kupiga akiwa ametulia. Kwenye jalada kuna watoto wanne wamekaa kwenye ngazi za nyumba, na wanabendi wenyewe, sasa watu wazima wenye nywele ndefu, wanawatazama kutoka dirishani. Nakala yangu ni ya mtumba, nilinunua kwa mzee mmoja wa Upanga aliyekuwa anahama nyumba, na jalada lake limechanika kwenye mkunjo. Ukilifungua ndani unakuta picha ya Railway Hotel, baa ya Harrow and Wealdstone walikokuwa wakipiga mwaka 1964 kabla hawajavuma. Hapo ndipo Kit Lambert alipowaona kwa mara ya kwanza, na yeye na mwenzake Chris Stamp wakawa mameneja wao. Hapo pia dari lilikuwa fupi, Townshend akainua gita kwa mbwembwe zake, kichwa cha gita kikagonga dari kikavunjika, na yeye akalimalizia mbele ya watu. Baada ya hapo watu wakawa wanakuja kutazama gita likivunjwa.

Mimi hadithi za magita yaliyovunjwa hazinishiki sana. Gita ni chombo cha kazi, na nimeona watu wazima wakilia kwa kuibiwa la kwao. Kinachonishika ni mgawanyo wa kazi ndani ya bendi hii.

Katika bendi zetu za dansi kila gita lina njia yake. Rithim inashika saa, solo inapamba na kuongoza, second solo inasuka katikati, besi inashikilia chini na kuzungumza na tumba na miguu ya wachezaji. Hakuna anayemkanyaga mwenzake, na ndiyo maana bendi ya watu kumi inasikika safi. The Who walikuwa na vyombo vitatu tu na mwimbaji. Bendi nyingine za aina hiyo zilijibu upungufu huo kwa kumwachia mpiga gita kila kitu: besi na drams zinashika saa huku gita likifanya maonyesho. The Who walipindua. Townshend akawa mtu wa rithim, anachapa kodi nzito (noti kadhaa zikipigwa pamoja) na kuacha nafasi, na yeye ndiye anayeshika saa ya bendi nzima. Moon hashiki saa. Anapiga drams kana kwamba anaimba pamoja na Daltrey, na ile sahani ya hi-hat ambayo wenzake huitumia kuhesabia, yeye aliigusa kwa nadra. Na Entwistle, mtu mpole aliyesimama pembeni bila kutikisika, ndiye anayepiga solo. Kwa gita la besi. Kwenye singo ya dakika tatu na kidogo, mwaka 1965.

Hilo ndilo ninalotaka vijana walisikie. Besi inaweza kuongoza wimbo bila kuacha kazi yake ya chini.

Entwistle hakutokea hewani. Alisoma muziki tangu utotoni, alipiga piano, tarumbeta na French horn, lile pembe la shaba lililoviringwa, na alipiga kwenye okestra ya wanafunzi. Alipomaliza shule alipata kazi kwenye ofisi ya kodi ya mapato. Mchana mafaili, usiku besi. Daltrey alikuwa fundi wa mabati kiwandani, na magita ya mwanzo ya bendi alijitengenezea mwenyewe. Daltrey, Townshend na Entwistle walisoma shule moja, Acton County Grammar. Moon alikuja mwisho, mwaka 1964, kijana wa Wembley ambaye hata miaka ishirini hakuwa ameitimiza.

Sasa twende kwenye nyimbo zenyewe.

I Can't Explain inafungua upande wa kwanza. Ni wimbo wa dakika mbili na sekunde chache, umetengenezwa na prodyuza Mmarekani aliyeitwa Shel Talmy, ambaye alikuwa ametoka kutengeneza You Really Got Me ya The Kinks, na Townshend aliuandika akilenga sikio la Talmy. Jimmy Page, kijana wa kukodiwa studio wakati ule, alipiga gita la pili, na sauti za nyuma ziliimbwa na kundi la The Ivy League kwa kuwa Talmy hakuziamini za wenyewe. Ni wimbo mzuri, umekaza, hauna nyama ya ziada. Lakini bendi bado inamtii prodyuza, na besi imewekwa mahali pake pa kawaida. Nautumia kama kipimo: hivi ndivyo walivyokuwa kabla hawajaachiwa.

Singo ya pili, Anyway, Anyhow, Anywhere, inafungua upande wa pili wa santuri, na hapo mambo yamebadilika. Katikati ya wimbo gita linaanza kulia lenyewe mbele ya spika, linapiga miluzi, linagonga kama simu ya upepo. Moon chini yake haachi kupiga. Inasimuliwa kwamba kampuni ya Decca kule Marekani ilipopelekewa mkanda iliurudisha, ikidhani umeharibika. Naisadiki hadithi hiyo kila ninapousikiliza, kwa sababu mwaka 1965 sauti ile ndiyo iliyokuwa sauti ya kitu kilichoharibika. Fundi mitambo yeyote angekimbilia kuizima. Hawa waliiacha ndani ya wimbo kwa makusudi, wakaiuza, ikafika nafasi ya 10.

Na halafu My Generation. Kaa na wimbo huu ukiwa na besi mapajani.

Daltrey anaimba kwa kigugumizi, sauti za nyuma zinamjibu, gita linapiga kodi mbili kwa kurudia. Baada ya beti mbili gita linarudi nyuma na besi inatoka mbele. Entwistle anapiga kifungu kifupi cha haraka kinachoshuka kutoka nyuzi nyembamba kwenda nene, kisha gita linajibu, kisha kifungu kingine, tofauti na cha kwanza. Sikiliza kwa makini nafasi kati ya vifungu. Hajazi. Anasema neno lake, ananyamaza, anamsubiri mwenzake aitike. Mtu aliyekulia kwenye muziki wa kuitikiana anajua hiyo ni nini bila kuelezwa. Sauti yenyewe ina kitu cha chuma, inang'ata, haina ule mvumo wa tumboni tuliouzoea kwenye besi za wakati ule. Entwistle alisimulia kwamba kwanza alirekodi solo hiyo kwa besi ya Danelectro kwa ajili ya nyuzi zake nyembamba zenye mlio mkali. Nyuzi zilikatika, na za akiba hazikupatikana Uingereza, ikabidi anunue besi nyingine nzima ili apate nyuzi, nazo zikakatika. Mwisho akarekodi kwa Fender Jazz, na hiyo ndiyo tunayoisikia. Sisi tunaotafuta nyuzi za besi Kariakoo tukaambiwa subiri mzigo ufike, hadithi hii tunaijua vizuri sana.

Baada ya solo wimbo unaanza kupandisha ki, yaani noti ya msingi ambayo wimbo umesimama juu yake. Kutoka G kwenda A, halafu B flati, halafu C. Kila unapodhani umefika juu, unapanda tena, na besi ndiyo inayobeba watu wote kwenye ngazi hizo. Mwishoni Moon anaachia kila kitu alicho nacho, gita linalia mbele ya spika, wimbo unaporomoka badala ya kumalizika. Vijana wangu huwa nawaambia wapige mpito wa ki peke yake, bila sauti, bila gita, mpaka mtu aliye chumba cha pili aweze kusema sasa mmepanda. Ukiweza kumwambia mtu kwa besi tupu kwamba wimbo umehama, umejifunza.

Hapa inabidi nieleze kesi, kwa sababu bila kesi huwezi kuelewa kwa nini baadhi ya nyimbo zimo kwenye mkusanyiko huu. Mkataba wa bendi na Talmy ulikuwa mbaya kwao kifedha, na mapema 1966 Lambert na Stamp waliamua kumwacha. Talmy akaenda mahakamani. The Who wakatoa Substitute Machi 1966 kwa lebo mpya ya Reaction, Townshend mwenyewe akiwa prodyuza. Upande wa pili walikuwa wameweka wimbo ambao Talmy alidai ni wake, maana walikuwa wameurekodi kwake kabla. Ukazuiwa. Ili singo iendelee kuuzwa, upande huo ukawekwa kipande cha ala tupu kilichopigwa na bendi nyingine, Graham Bond Organisation, kwa jina la The Who Orchestra. Wakati huohuo Brunswick, lebo yao ya zamani, ikaachia A Legal Matter ikiutoa kwenye albamu ya kwanza, ili kuwavuruga sokoni. Jina lake lenyewe ni suala la kisheria, ingawa maneno ni ya mwanamume anayetaka talaka. Baadaye mwaka huo Brunswick ikachota tena kwenye albamu hiyohiyo, ikatoa The Kids Are Alright. Kesi ilipomalizwa nje ya mahakama, Talmy alipata asilimia 5 ya mapato ya rekodi zao kwa miaka 5 iliyofuata, na mikanda ya mwanzo ikabaki mikononi mwake. Ndiyo maana albamu hiyo ya kwanza, My Generation, haikupata kuchanganywa upya kwa stirio hadi 2002.

Kwa hiyo santuri hii imeweka pamoja nyimbo walizozitoa wao na nyimbo zilizotolewa ili kuwaumiza. Watu wa muziki wa hapa nyumbani, waliowahi kuona kazi yao ikiuzwa na mtu waliyemsainia karatasi wakiwa hawana nauli, hawahitaji nifafanue zaidi. Ninachofurahia ni kwamba The Kids Are Alright ni wimbo mwanana kweli, wa sauti tatu zinazopandana, na haukupungua kitu kwa sababu ya aliyeutoa.

Substitute ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Gita la kawaida lisilo la umeme, la nyuzi 12, linafungua, na chini yake besi inakaa kwenye noti moja inayovuma wakati kodi za juu zinabadilika. Noti moja! Kijana anayejifunza hudhani kwamba kila kodi ikihama lazima naye ahame. Hapa Entwistle anagoma kuhama, na kwa kugoma kwake ule mstari wa gita unapata mvutano ambao usingekuwepo. Halafu inafika sehemu ambayo bendi yoyote nyingine ya 1966 ingempa mpiga gita solo yake. Entwistle alieleza kwamba walipokuwa wanarekodi aliongeza sauti ya besi yake pale, ikawa solo ya besi, na kwa kuwa walirekodi wote kwa pamoja hakuna aliyeweza kuipunguza baadaye. Ukisikiliza utaona si solo ya madoido. Ni noti chache, nene, zilizopigwa kwa uhakika wa mtu aliyeamua. Moon kwa upande wake alikuwa kwenye hali mbaya ya vidonge vya kulevya kipindi hicho hata hakukumbuka kurekodi wimbo huo, akawatuhumu wenzake kwamba wamemweka mpiga drams mwingine. Wakamwonyesha mahali ambapo anasikika akipiga kelele.

Kuna mstari katika wimbo huo ambapo mwimbaji anasema anaonekana mweupe ilhali baba yake alikuwa mweusi. Kwa toleo la Marekani la 1966 mstari huo uliondolewa, ukawekwa mwingine kuhusu miguu inayorudi nyuma. Santuri yangu ina ule wa asili. Nimeona niutaje kwa sababu wimbo mzima ni wa mtu anayeishi kwa sura isiyo yake, na kuondoa mstari ule ni kuondoa mfano wake mzito kuliko yote.

Happy Jack nayo ni shule. Ni wimbo wa mzee wa kisiwa cha Isle of Man anayelala ufukweni na kuchokozwa na watoto, hawezi kukasirishwa. Beti zinaanza karibu zikiwa tupu, besi ikitembea na sauti, kisha Moon anaingia kwa kishindo katika kila mwanya. Mwishoni kabisa unasikia mtu akiita. Ni Townshend. Walikuwa wamemtoa Moon kwenye chumba cha kurekodia sauti kwa sababu hakujua kuimba na alipenda kuwachekesha, naye akawa anachungulia, Townshend akamwambia kwa sauti kwamba amemwona. Wakaiacha. Moon alifariki 1978 akiwa na miaka 32, na mimi kila nikifika hapo nafurahi kwamba hawakuifuta.

Pictures of Lily, ya 1967, ilikuwa singo yao ya kwanza kwa Track, lebo waliyoianzisha Lambert na Stamp. Inahusu kijana asiyepata usingizi ambaye baba yake anampa picha za mrembo azibandike ukutani, kisha anagundua mrembo mwenyewe alishakufa 1929. Katikati kuna solo ya French horn, ya Entwistle mwenyewe. Inalia kama honi ya meli, na ni mahali pengine ambapo solo imekwenda kwa mpiga besi badala ya mpiga gita.

I Can See for Miles ni wimbo ambao Townshend aliuweka akiba muda mrefu akiamini utapasua kila chati. Ulifika nafasi ya 10 Uingereza na ya 9 Marekani. Marekani hakuna singo yao nyingine iliyowahi kufika juu zaidi, lakini Uingereza, kwa jinsi alivyouamini, aliona ameangushwa na wanunuzi, na uchungu huo ulimkaa miaka. Alipoandika mwenyewe uhakiki wa mkusanyiko huu katika jarida la Rolling Stone mwishoni mwa 1971 bado ulikuwa unamtoka. Namwelewa. Wimbo ule ni wa kutisha. Mwenye wivu anamwambia mwenzi wake kwamba anaona kila kitu kutoka maili nyingi, na solo ya gita ni noti moja tu, inapigwa na kupigwa, wakati drams za Moon zinazunguka nyuma kama mawe yanayoporomoka mlimani. Kwenye nyimbo nyingine besi ndiyo inayoongoza. Kwenye huu ni drams. Bado gita linakaa kwenye rithim hata wakati wa solo yake, na hapo unaona kwamba mgawanyo ule wa kazi ulikuwa ni namna yao ya kufikiri.

Boris the Spider haikuwa singo Uingereza. Ilitoka kwenye albamu ya 1966, na nadhani imewekwa hapa ili Entwistle naye awe na wimbo wake. Nashukuru. Aliuandika, akauimba, na besi yake inateremka nusu hatua kwa nusu hatua kama mdudu anayeshuka ukutani. Mwanafunzi akishindwa kuelewa ngazi ya noti za nusunusu, mpigie hii, atacheka na ataielewa.

Nyimbo tatu nitazipitia haraka. Pinball Wizard imesikika mno, ingawa lile gita la mwanzo linalochapwa kwa kasi bado linanisisimua. The Seeker ya 1970 ni nzito na nzuri lakini tayari ni bendi nyingine, bendi ya viwanja vikubwa. Magic Bus kwenye santuri hii ni ndefu kuliko ile ya singo, na kwangu urefu huo hauongezi kitu. Mdundo wa Bo Diddley, yule mpiga gita Mmarekani, unatosha dakika tatu.

Kinyume chake I'm a Boy, inayofunga santuri, nayo ni toleo tofauti na la singo, la mwendo wa polepole, na hapa nadhani walipata. Ni mabaki ya hadithi ambayo Townshend hakuikamilisha, ya dunia ijayo ambayo wazazi wanaagiza jinsia ya watoto. Mama ameagiza mabinti wanne, amepata watatu na mvulana mmoja, na anamvalisha mvulana huyo kama msichana. Kwa mwendo huu wa polepole pembe la Entwistle linasikika vizuri zaidi, na Daltrey, ambaye mwanzoni mwa santuri anaimba kwa kibri, hapa anaimba kama mtoto aliyebanwa.

Nyimbo hazikupangwa kwa miaka. 1965 inafuatiwa na 1966, kisha 1967, unarudishwa 1965, unarushwa 1970. Kwa kusikiliza tu, mpangilio huo unapendeza. Kwa kujifunza, zipange mwenyewe: I Can't Explain, Anyway, Anyhow, Anywhere, My Generation, Substitute, Happy Jack, kisha hizo nyingine. Utasikia besi ikisogea mbele wimbo kwa wimbo. Kwetu pia dansi la miaka hiyo lilipanda kwenye sahani ndogo, wimbo ukikatwa katikati, maneno upande huu na sebene upande wa pili, na naamini ufinyu wa sahani ulizinoa bendi za huku kama ulivyozinoa za kule. Kwa dakika mbili na nusu huna pa kujificha. Ukiwa na jambo la kusema kwenye besi, lazima uliseme pale.

Tahadhari moja kwa wanaoanza: msisikilize hizi nyimbo kwa spika ya simu. Spika ya simu inameza besi yote, inabaki sauti ya Daltrey na mchakacho wa gita, na utamaliza santuri nzima ukijiuliza huyu mzee alikuwa anasema nini. Tafuta earphone hata za bei nafuu, au nenda kwa rafiki mwenye redio ya maana. Wale wa darasa la Jumamosi, njooni mmeshaisikiliza Substitute. Tutaanza na ile noti moja ya mwanzo, na hatutahama hapo mpaka kila mtu aweze kuishikilia bila kukimbilia kodi ya gita.